Suruali ya Kijivu

Saturnina hupanda ngazi mia mbili na sita
kila jioni, saa moja kasorobo,
ukungu wa Lima umemlowesha kope
kama aliyelia, naye hajalia.
Kwapani kabana suruali ya kijivu.
Mbwa wa juu ya mapaa walishachoka kumbwekea.

"Fundi!" huita mlangoni, sauti ya kutosha nyumba tatu,
"nipunguzie upindo, bado inafagia njia!"
"Karibu mama, lete tuione."
Tukajifungia, sisi na cherehani na uongo wetu,
maana majirani wakijua ni virusi
hakuna atakayeniletea hata kifungo.

Humo ndani hakuna anayepimwa mguu.
Hufunua mkebe wa vifungo:
chini ya vile vya mfupa na vile vya shaba
vimelala vidonge vyangu, vyeupe,
visivyo na tundu la kupitisha uzi.
Huvihesabu kwa ncha ya kidole,
midomo ikicheza kama ya msali rozari,
kisha hunitazama nikimeza.
Hunitazama koo, si macho.

Halafu, ili uongo usife njaa,
naipinda suruali kweli.

Mwezi wa kwanza nilipinda upana wa kidole.
Wa pili, vidole viwili.
Wa tatu ikafika magotini,
ingemfaa mtoto wa shule.
Ikabidi tuifumue, tuiteremshe,
tuipandishe tena,
na kila mshono uliofumuliwa ukaacha mstari wake,
matundu madogo, madogo,
hesabu ya jioni zangu.

Agosti nilichoka.
Dawa zilinipa ndoto: mama mtoni, kule Huancavelica,
akifua shati langu, na shati halitakati.
Nikaanza kukificha kidonge chini ya ulimi,
akitoka nakitema katika mfuko wa vipande vya nguo.
Hadi siku aliyotafuta kiraka cha kiwiko chake
mkono ukatoka na vidonge tisa,
vimevimba, vimeshika nyuzi.

Hakunihubiria.
Hakuniambia uhai ni mtamu.
Alikaa juu ya robota la jinzi
akavipanga vile tisa gotini, kimoja kimoja.
"Hii suruali ni ya Ever," akasema. "Mwanangu.
Alikuwa mrefu, mlango huu angeinama.
Vidonge hivi hakuviona.
Vilipofika huku kilimani, nilikuwa nimeshamzika."
Kisha akauliza kama nina chai.

Niliinua suruali, nikaikagua.
Miezi yote ile nilipinda tu, sikukata.
Mkasi ulikuwa pale pale, mkono ukaukataa,
na mimi fundi sikujua kwa nini.

Dada yangu Brígida hanunui maneno,
hununua maji, kwa pipa, lori likipita Jumanne.
Usiku mmoja, akimenya viazi, akasema:
"Yule mama, kwani ana suruali moja tu?"
Nikakohoa. Hakuinua uso.
Lakini tangu kesho yake, saa moja kasorobo,
naikuta gilasi kando ya cherehani,
imejaa, imefunikwa kisosi.
Siri ya pipa aijuaye kopo.

Leo ukungu umeshuka hadi vizingitini.
Ngazi sizioni, nasikia kikohozi tu,
kinapumzika, kinapanda, kinapumzika.
Nimeshatunga uzi.
Chini huko jirani, mwenye duka la gesi, anacheka:
"Mama Saturnina, mwaka wa pili huu!
Suruali hiyo haijamkaa tu mwenyewe?"

"Bado," namsikia, pumzi imemkatika.
"Bado. Mwenyewe angali anakua."